Seva ya kodi za programu si kuiwasha tu, waambieni wasomaji na jinsi ya kuirudisha ikifa

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaolitengeneza gazeti. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na ukurasa wa teknolojia ndo huwa naanza nao, kwa hiyo makala yenu ile ya kuwashauri watu wenye timu ndogo za programu waweke seva (kompyuta ya pamoja) yao wenyewe ya kutunzia kodi, yaani maandishi ya programu, nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Mwandishi wenu kasema mengi ya kweli. Ila kasema seva inasimama ndani ya nusu saa na baada ya hapo hakuna kazi tena, alafu kasema ukiweka diski mbili zinazoigana basi bakapu, yaani nakala ya akiba, unayo tayari, na hapo nikashindwa kukaa kimya maana najua kuna mtu saa hizi kasoma hayo na anafanya hivohivo. Natunza seva ya namna hiyo kwa timu ya watu sita, huu mwaka wa tano, na nimeshawahi kupoteza vitu vya wenzangu kwa kuamini maneno kama hayo.

Kwanza niseme ninapokubaliana naye. Kuwa na seva yako ni jambo la maana na sababu zake si za kutunga. Git yenyewe, hii programu ya kutunza kodi na historia ya mabadiliko yake ambayo karibu kila mtu anayeandika kodi anaitumia, ilizaliwa kwa sababu ya mlango wa mtu mwingine kufungwa. Watu wanaotengeneza Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, walikuwa wanatunza kodi yao kwenye BitKeeper, programu ya kampuni, wanaitumia bure kwa ridhaa ya mwenye mali, mwaka 2005 ridhaa ikaondolewa. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akakaa chini mwezi wa 4 mwaka huo akaanza kuandika Git, na mwezi wa 6 toleo la 2.6.12 la Linux likatoka likiwa limesimamiwa na hiyo Git. Miaka kumi baadaye, mwezi wa 3 mwaka 2015, Google wakatangaza wanafunga Google Code, huduma yao ya kutunzia kodi za watu, na mwezi wa 1 mwaka 2016 ikafungwa, waliokuwa wameweka kazi zao kule ikabidi wahame. Mwaka 2019 waandishi wa programu walioko Iran, Syria na Crimea wakaamka wakakuta akaunti zao za GitHub, huduma ya kampuni ya kutunza kodi mtandaoni, zimewekewa mipaka kwa sababu ya vikwazo vya Marekani, na wengi hawakuwa wamefanya kosa lolote zaidi ya kuishi pale wanapoishi. Kwa hiyo mtu akisema anataka kodi yake ikae kwenye mashine anayoweza kuishika kwa mkono, mi namwelewa kabisa.

Nakubaliana naye pia kwamba mashine kubwa haihitajiki, ingawa hapo angefafanua zaidi. Timu ya watu watano sita ikitumia Gitea au Forgejo, programu za kuendeshea seva ya Git (hiyo ya pili ilichipuka kutoka kwa ile ya kwanza mwaka 2022, na Gitea nayo ilichipuka kutoka kwa Gogs mwaka 2016, ni ukoo mmoja) inatosha kabisa na kompyuta ndogo yenye kumbukumbu (RAM) ya GB 1 au 2. GitLab, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ni kubwa zaidi na ina mambo mengi zaidi na inakula kumbukumbu zaidi, ukiiweka kwenye kimashine kidogo itakuwa inahema tu. Na kama hamhitaji kurasa za kubofyabofya, seva ya Git ni folda tu kwenye kompyuta inayofikika kwa SSH, njia salama ya kuingia kompyuta nyingine kupitia mtandao. Unatengeneza ripo tupu (ghala la kodi na historia yake) upande wa seva, unaweka funguo za wenzako, wanapushi (wanapeleka kazi yao) na kuvuta (wanachukua ya wengine), basi. Nimewahi kukaa na timu moja miezi minane kwa njia hiyo na hatukukosa kitu, sema tiketi, yaani orodha ya kazi na matatizo, tulikuwa tunaandika kwenye faili ya kawaida ndani ya ripo yenyewe.

Sasa nije kwenye kilichoniumiza.

Diski mbili zinazoigana si bakapu. Naomba hili mliandike kwa herufi kubwa mkipata nafasi. Diski mbili zinakulinda na kitu kimoja tu, diski moja ikifa kwa uzee ile nyingine inaendelea na kazi haisimami. Lakini kuigana maana yake ni kwamba chochote unachofanya kwenye moja kinafanyika kwenye ya pili papohapo, ukiandika imeandikwa kote, na ukifuta imefutwa kote.

Kwangu ilikuwa Jumatano usiku. Seva ilikuwa imeanza kulalamika kwamba nafasi imejaa, asilimia 98, watu wanashindwa kupushi, na siku ya pili yake tulikuwa na kazi ya kumkabidhi mteja. Nikaingia kwa haraka nisafishe loga (faili za matukio ya seva) za zamani, nilikuwa na madirisha mawili ya terminali, ya kuandikia amri, yamefunguliwa, moja nipo kwenye folda ya loga na jingine nipo kwenye folda ya data nilikokuwa naangalia kipi kimekuwa kikubwa. Nikaandika amri ya kufuta kwenye dirisha ambalo silo. Ninachokikumbuka ni kwamba ilichukua muda mrefu kuliko nilivotegemea, loga zile zilikuwa chache, na mkono ulishajua kabla kichwa hakijajua. Nikabonyeza Ctrl na C kuisimamisha. Nikaangalia. Folda ya ripo ilikuwa imeshaondoka yote, na ya databesi (zinakokaa tiketi na akaunti) imebaki vipande. Diski zote mbili zilikuwa nzima kabisa na zinakubaliana vizuri sana, zote hazina kitu.

Nikasema haya, bakapu ipo. Kila usiku saa nane kulikuwa na skripti (orodha ya amri zinazojiendesha) inatoa nakala ya databesi, inaibana kwa gzip, programu ya kupunguza ukubwa wa faili, inaipeleka kwenye kompyuta nyingine. Ripo zenyewe hatukuwa tunazichukulia bakapu kwa hoja kwamba kila mtu anayo nakala nzima kwenye laptopu yake, nitairudia hoja hii. Nikafungua ile kompyuta nyingine. Faili zipo, moja kwa kila siku, tarehe zimepangika, 118. Nikaangalia ukubwa. Kila moja ina baiti 20.

Kwa ambaye hajawahi kukutana na hiyo namba, baiti 20 ndo ukubwa unaoupata gzip ikipewa kitu kisicho na chochote ndani ikakibana. Miezi minne nyuma yake tulibadilisha paswedi ya databesi, nikasahau kuibadilisha kwenye skripti, kwa hiyo kila usiku amri ya kutoa nakala ilikuwa inakataliwa mlangoni, inatoa kapu tupu, gzip inalipokea kapu tupu inalibana vizuri inamaliza salama, na skripti ilikuwa inauliza yule wa mwisho kwenye mstari peke yake kama kamaliza salama. Wa mwisho alikuwa gzip. Kwa hiyo kila asubuhi kwa siku 118 tulipata ujumbe kwamba bakapu imefanikiwa, na mi nilikuwa nausoma nafurahi.

Baadaye sana ndo nikaja kusoma yaliyowapata GitLab wenyewe, kampuni inayotengeneza ile programu, tarehe 31 mwezi wa 1 mwaka 2017, na nikakaa kimya muda mrefu. Wale ni watu ambao kazi yao ni hii. Mhandisi wao kachoka, usiku, databesi ya akiba haiendi sambamba na ile kuu, akataka kufuta data kwenye ile ya akiba ili aanze upya, amri akaiandika kwenye seva kuu. Kuja kushtuka na kusimamisha, kati ya GB 300 hivi zilikuwa zimebaki kama GB 4.5. Wakaenda kwenye bakapu. Ile ya kila siku ilikuwa haifanyi kazi kwa sababu programu ya kutoa nakala ilikuwa ya toleo 9.2 na databesi ni 9.6, ikawa inagoma kila siku, na barua za kuwaarifu kwamba inagoma zilikuwa zinakataliwa na mfumo wa barua pepe. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono kama masaa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kodi za watu zilikuwa salama maana zilikaa sehemu tofauti, ila tiketi na maoni na akaunti za hizo saa sita vilipotea. Nawaheshimu kwa kitu kimoja, waliandika kila kitu hadharani, na kazi ya kurudisha wakairusha moja kwa moja watu wakiangalia.

Nimeeleza yote hayo ili mwandishi wenu aone kwamba bakapu inayokufa haipigi kelele. Inakufa ikiwa inakuambia iko hai.

Turudi kwenye ile hoja ya kwamba kila mtu ana nakala kwenye laptopu yake. Ni kweli, na ndo uzuri mkubwa wa Git, ukikloni ripo, yaani ukiinakili, unapata historia yote sio kodi ya leo tu. Alhamisi ile asubuhi niliwaambia wenzangu ukweli kabla hata hawajakaa, nikawaomba mtu yeyote asifute chochote, tukaanza kukusanya. Tulikuwa na ripo 14. Kumi na moja tukazipata kamili mpaka komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya mwisho. Mbili zikapungukiwa matawi, yaani kazi zinazoendeshwa pembeni ya kodi kuu, ambayo wenye nayo walishayapushi kwenye seva wakayafuta kwenye laptopu zao, kitu ambacho kila mtu anafanya na si kosa. Na moja, ripo ndogo ya skripti za kupeleka programu kwa mteja, hakuna aliyekuwa nayo nzima. Ilikuwa kwenye mashine moja tu inayojenga programu, na ile mashine huwa inakloni bila historia, inachukua komiti ya mwisho tu ili iende haraka. Kwa hiyo tulipata jinsi skripti zilivyo leo, ila kwa nini ziko hivo, nani alibadilisha nini na kwa sababu gani, miaka miwili ya maelezo imekwenda.

Alafu kuna vitu ambavyo Git haivibebi hata kidogo. Tiketi, majadiliano kwenye mapitio ya kodi, nani ana ruhusa gani, funguo, mipangilio ya ripo, vyote hivo vinakaa kwenye databesi ya seva na sio ndani ya ripo. Tulikuwa na tiketi karibu 900. Dada mmoja kwenye timu alikuwa na tabia ya kutofuta barua pepe, na kila tiketi ikifunguliwa au mtu akijibu seva huwa inatuma barua, basi alikaa siku tatu anazifungua moja moja anakopi maelezo anayabandika upya. Siku tatu za mtu mzima mwenye kazi zake. Hakunilaumu hata neno moja na mpaka leo nikimwona anaandika tiketi nakumbuka. Tulipata kama mia tatu na kitu. Nyingine ni zile ambazo mteja siku hizi akiuliza hili jambo tuliamuaje tunaangaliana tu.

Ndo maana naandika kwa uchungu. Nusu saa ya kuweka seva ni kweli inatosha, mi mwenyewe naweza kwa dakika kumi na tano. Lakini kitu ambacho timu inapaswa kukijua kabla ya kuhamishia kazi yake humo ni hiki: hii seva ikichomwa moto leo saa nne, saa ngapi tutakuwa tunapushi tena, na tutakuwa tumepoteza nini? Kama hakuna anayeweza kujibu kwa namba basi bado hamna seva.

Sisi jibu letu tulilipata kwa kufanya. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi tunachukua kompyuta ya zamani isiyo na kitu, tunaifuta, tunachukua bakapu ya usiku uliopita na karatasi ya maelekezo, tunasimamisha seva nzima upya kutoka sifuri, alafu mtu mmoja anakloni kutoka humo na kupushi. Mara ya kwanza tulianza saa tatu asubuhi tukamaliza saa kumi na moja jioni, na nataka nieleze kwa nini maana hivi vitu hutavikuta kwenye makala za dakika ishirini.

Databesi ilirudi. Ripo zikarudi. Tukafungua ukurasa, tukaona majina yetu, watu wakapiga makofi. Alafu kila aliyejaribu kuingia kwa hatua mbili, paswedi na ile namba ya kwenye simu, akakataliwa. Tukahangaika na saa ya kompyuta tukidhani iko nyuma, haikuwa hiyo. Kumbe Gitea inasimba siri za hatua mbili kwa ufunguo ulioko kwenye faili ya mipangilio, SECRET_KEY, na sisi tulichukua databesi na ripo, faili ya mipangilio tukaiona si kitu tukaandika mpya. Ufunguo mpya hauwezi kufungua kilichofungwa na wa zamani. Tukaenda kuuchukua kwenye seva inayoishi, na siku ingekuwa ya ajali kweli tusingekuwa na pa kuuchukua.

Tukapita hapo, mtu akajaribu kukloni kwa SSH, laptopu ikampa onyo refu la kutisha kwamba utambulisho wa seva umebadilika na huenda kuna mtu katikati anakuchungulia. Ni sawa inavosema, seva mpya ilijitengenezea funguo zake mpya. Siku ya ajali watu sita wote wangepata hilo onyo kwa mpigo na wote wangezoeshwa kulipuuza, na siku mtu kweli akiwa katikati wangelipuuza pia. Kwa hiyo funguo za seva nazo zinaingia kwenye bakapu. Alafu orodha ya funguo za watu ikabidi itengenezwe upya, na huku skripti ndogondogo zinazokaa ndani ya kila ripo zikawa zinaangalia njia ya folda ambayo kwenye mashine mpya haipo, zikabidi nazo zitengenezwe upya, kuna amri zake, ziko kwenye karatasi yetu sasa. Siku hizi tunamaliza kwa dakika 40 na kati ya hizo nyingi ni kusubiri faili zikopi.

Bakapu zenyewe tunaziweka sehemu tatu, moja ikiwa nje ya jengo na nje ya mikono ya seva, yaani seva inaweza kupeleka huko lakini haiwezi kufuta, maana mtu akiivamia seva kitu cha kwanza atakachotafuta ni bakapu. Skripti inapima ukubwa ikilinganisha na wa jana, ukipungua ghafla inapiga kelele, na isipotuma ujumbe kabisa nako ni kelele. Na mara moja kwa wiki git fsck inapita kwenye nakala za ripo inakagua kitu kimoja kimoja kama hakijaoza. Sio mambo makubwa. Jumla ni skripti ambayo ukiichapa haijazi karatasi mbili.

Kuna mengine ya haraka ambayo makala haikugusa. Ripo ya upande wa seva kwa kawaida haiweki kumbukumbu ya ncha za matawi (komiti ya mwisho ya kila tawi) zilikuwa wapi jana, laptopu yako inaweka, seva haiweki mpaka uiambie. Mdogo wetu mmoja, wiki ya pili kazini, alipanga upya historia ya tawi kuu kwenye laptopu yake, akapushi kwa nguvu, yaani akailazimisha seva ipokee historia yake badala ya iliyokuwepo, na kazi ya watu wawili ya siku tatu ikatoweka kwenye tawi. Tuliipata kwa sababu dada mmoja alikuwa bado na ncha ya zamani kwenye laptopu yake akairudisha. Yule mdogo wetu alikuwa anatetemeka na sikupenda kumwona vile, maana kosa halikuwa lake, mimi ndo niliyeacha mlango wazi. Mipangilio miwili, ya kukataa kupushi kwa nguvu na kukataa kufuta matawi, na ya tatu ya kuwasha hiyo kumbukumbu, vyote ni dakika moja. Fanyeni siku ya kwanza.

Na usalama. Mwandishi wenu kaonyesha jinsi ya kuifungulia seva mlango wa intaneti kwenye ruta, kama vile ni hatua ya kawaida. Kwa timu ndogo mi naona haina haja, iwekeni nyuma ya VPN (mtandao wa faragha wa timu) mfano WireGuard, anayeihitaji anaingia, asiyeihitaji hata hajui ipo. Mwezi wa 4 mwaka 2021 GitLab walitoa apdeti ya kuziba tundu ambalo mtu wa nje angeweza kupandisha picha iliyotengenezwa kwa hila na kuendesha amri zake kwenye seva, na mpaka miezi ya mwisho ya mwaka huohuo bado kulikuwa na seva nyingi hazijafanyiwa apdeti na zilikuwa zinavamiwa. Wenye hizo seva sio wajinga, ni watu kama sisi walioambiwa ukishaiwasha kazi imekwisha. Mkiiacha wazi basi angalau fungeni ile sehemu ya mtu yeyote kujisajili, la sivyo baada ya wiki chache mtakuta akaunti mamia za roboti zimejaza matangazo.

La mwisho ambalo lilinikuta mwaka juzi, na hili halihusu mashine. Niliugua nikalazwa siku kumi na moja. Siku ya nne cheti cha usalama cha seva kikaisha muda, ni vile vya siku 90 vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure, mfumo wa kukihuisha wenyewe ulikuwa umekwama na hakuna mtu mwingine aliyejua nywila ya kuingia wala hata mashine imekaa wapi. Watu watano wazima wenye ujuzi wao walikaa wanatumiana kodi kwa barua pepe, kwa sababu kila kitu kilikuwa kichwani kwangu na mi nilikuwa nimelala. Mke wangu akaniletea simu nikamwelekeza mwenzangu kwa sauti, herufi kwa herufi, nesi anatuangalia. Tangu hapo tuko watu wawili wenye funguo zote, karatasi ya maelekezo imechapwa ipo kwenye bahasha, na anayeendesha zoezi la Ijumaa sio mimi, tunazunguka.

Kwa hiyo nikiulizwa na timu ndogo kama waweke seva yao au la, nawauliza kwanza kama kuna watu wawili, sio mmoja, wanaoweza kutoa saa mbili kwa wiki kwa kazi ambayo hakuna atakayewashukuru. Kama wapo, wekeni, mtaipenda, ni haraka, ni yenu, hakuna anayebadilisha masharti usiku mkiwa mmelala. Kama hawapo, kaeni kwenye huduma ya kampuni bila aibu yoyote, ila kila usiku vuteni nakala kamili ya ripo zenu kwenye mashine yenu, na tiketi pia kama huduma inaruhusu kuzitoa. Hiyo peke yake ni hatua kubwa kuliko seva nyingi nilizoziona.

Ombi langu kwako Mhariri ni mawili. Mtoe masahihisho ya ile sentensi ya diski mbili, hata mstari mmoja, mapema, maana kuna watu wanaifuata saa hizi. Na mwandishi wenu akiwa tayari aandike sehemu ya pili ya makala, ya kurudisha seva iliyokufa, hatua kwa hatua, na kabla ya kuiandika aizime yake kweli na kuirudisha akiwa na saa mkononi. Akitaka kuja kuona sisi tunavofanya anakaribishwa. Ijumaa inayokuja ni zamu ya yule mdogo wetu aliyewahi kupushi kwa nguvu, ameshaichukua bahasha tangu jana anaisoma, na katika hatua ya tisa amekuta kosa ambalo sote tulikuwa tunalipita.

Wenu msomaji,
Mtunza seva wa timu ya watu sita